Nuru Hununuliwa kwa Kipimo
(Mazungumzo na walaji mjini Tabora)



Tunazungumza nanyi katika mji ambao wazee wake walijua thamani ya kipimo. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipotua hapa Unyanyembe, nguo ilitumika kama fedha: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Mwenye busara aliinyoosha nguo kwa mkono wake mwenyewe, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, ndipo akatoa nafaka yake.

Nuru nayo ina kipimo chake, nacho huitwa lumeni. Wati hueleza umeme unaotumiwa na taa. Hazielezi mwanga unaotoka. Balbu ya zamani ya waya, yenye wati 60, hutoa lumeni zipatazo 800. Balbu nzuri ya LED hutoa mwanga uleule kwa wati 9 hivi. Zikiwashwa saa 5 kila siku kwa siku 30, ya kwanza hutumia uniti 9 za LUKU, na ya pili uniti 1.35. Hiyo ndiyo akiba ya mlaji. Lakini akiba hiyo hupotea yote endapo balbu ni ya bandia na ikaungua baada ya wiki chache.

Huenda pia mkasikia habari za nuru mpya, yaani fuwele za perovskaiti. Jina hilo lilitokana na madini yaliyogunduliwa katika milima ya Ural, nchini Urusi, mwaka 1839. Fuwele zinazosifiwa leo hutengenezwa kwa kuunganisha metali, aghalabu risasi, na bromini, iodini au klorini, pamoja na molekuli ndogo za kikaboni. Zikipitishiwa umeme hutoa rangi safi: bromini huleta kijani, na iodini huisogeza rangi kuelekea nyekundu. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha taa za aina hiyo zikiwaka katika joto la kawaida la chumba.

Hata hivyo, unyevu na joto huziharibu fuwele hizo upesi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Balbu za kawaida za nyumbani zilizomo madukani hazikutengenezwa kwa fuwele hizo. Basi muuzaji akidai bei ya ziada kwa jina hilo, mwombeni awaonyeshe maandishi ya mtengenezaji. Asipokuwa nayo, msinunue.

Kabla ya kulipa, tunawashauri yafuatayo:

1. Someni lumeni, wati na volti kwenye boksi. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230.
2. Tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pamoja na jina la mtengenezaji.
3. Ombeni balbu ijaribiwe dukani mbele yenu.
4. Daini risiti, na muda wa dhamana uandikwe.
5. Taa iliyovunjika msiichome moto, wala msiwaachie watoto waichezee.

Mkishuku kuwa bidhaa ni ya bandia, itunzeni pamoja na boksi na risiti yake, kisha toeni taarifa kwa Tume ya Ushindani. Bila ushahidi, malalamiko ya haki huweza kukosa nguvu.

Mzee wa msafara hakuona haya kupima nguo mbele ya mwenye mali. Nasi tusione haya kuuliza: taa hii ina lumeni ngapi?