Kuvua kwa Mshipi Watamu na Malindi: Asiyejua Pia Ana Nafasi

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha umma kuhusu safari za uvuvi wa burudani, kabla ya msimu wa kaskazi



Kila mwaka kusi ikishatulia na matlai kuingia, boti za kuvulia sulisuli na nduaro huteremshwa tena majini baada ya kukaa nchi kavu miezi ya mawimbi makubwa. Watu husimama ufuoni kuzitazama zikitoka mlangoni alfajiri, na wengi husema ile ni kazi ya wazungu. Si hivyo. Anayeshika usukani, anayefunga chambo na anayewaona ndege wakipiga mbizi kabla mgeni hajaona chochote, mara nyingi ni mtoto wa hapa hapa. Wageni wamekuja kwa karibu miaka 100 sasa. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua katika maji haya mwaka 1934. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kuujua mwamba kumshinda aliyezaliwa kando yake.

Watu hawaji hapa kwa bahati. Mbele ya Watamu kina huanza karibu na pwani, kwa hiyo boti haihitaji kwenda mbali kabla ya kufika kwenye maji ya buluu wanakopita samaki wakubwa. Kaskazini, Mto Sabaki humwaga tope lake baharini, na pale maji ya kahawia yanapokutana na yale safi, samaki wadogo hukusanyika na wakubwa huwafuata. Manahodha huutafuta mpaka huo kama mkulima anavyotazama wingu.

Msimu nao una mpangilio wake. Jodari huonekana kwa wingi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Sulisuli huanza kujaa mwezi wa Novemba, na kaskazi yote hadi Machi ndiyo miezi yake, pamoja na nduaro. Nguru, faulusi, mzia na kolekole hupatikana vipindi mbalimbali. Mwezi wa Mei na Juni boti nyingi hupumzika, na anayekuuzia safari ya bahari kuu wakati huo anafaa kuulizwa maswali mengi.

Sasa, huyu asiyejua kuvua atafanya nini humo? Mengi. Safari ya siku nzima ya kukokota chambo bahari kuu ni ghali na inachosha, na kwa mtu wa mara ya kwanza si pa kuanzia. Jua ni kali, boti inayumba, na kuchafukwa na moyo hakuchagui mwenyeji wala mgeni. Afadhali aanze na nusu siku karibu na mwamba, boti ikiwa imetia nanga, kwa mshipi wa mkono na chambo cha ngisi. Hapo mtu hujifunza tofauti ya samaki anayeonja na samaki aliyemeza, hujua kuvuta bila papara, na akimpata changu au chewa mdogo, furaha yake haipungui ya aliyempata nduaro. Familia zenye watoto zachague maji mafu, mikondo inapokuwa hafifu. Wakati wa bamvua mkondo wa mlangoni una nguvu, na nahodha mwenye busara hukataa kutoka hata kama fedha imeshalipwa.

Aliyezoea kidogo ndiye wa kwenda nje. Huko boti hukokota chambo kadhaa kwa wakati mmoja, vingine vya plastiki na vingine vya samaki halisi. Sulisuli hujitokeza nyuma ya chambo na kukipiga kwa mdomo wake mrefu kabla ya kukimeza. Mgeni mwenye haraka huvuta papo hapo, na samaki huenda zake. Baharia humzuia mkono, humwambia angoja, kisha mshipi unapoanza kukimbia kweli ndipo kazi huanza. Anaweza kuruka juu ya maji mara nyingi, na mvutano ukachukua nusu saa au zaidi. Akifika ubavuni mwa boti, mara nyingi hawekwi ndani. Hupigwa alama ndogo yenye nambari mgongoni na kuachiliwa, na taarifa zake hupelekwa kwa African Billfish Foundation iliyoko hapa Watamu. Siku atakapovuliwa tena, nambari hiyo itaeleza alikokwenda na alivyokua.

Hapa pana malalamiko ya wavuvi, nayo si ya kupuuzwa. Mvuvi wa mashua anayetoka usiku kutafuta unga wa watoto husikia kwamba mtu amelipa maelfu ya shilingi kumshika samaki na kumrudisha majini, naye huona ni dhihaka. Hesabu yake, hata hivyo, ina upande wa pili. Sulisuli aliyeuzwa sokoni huuzwa mara moja. Aliyeachiliwa huweza kumrudisha mgeni mwaka ujao, na mgeni huyo hulipa nahodha, mabaharia, fundi wa injini, muuza chambo, dereva wa tuktuk na mwenye nyumba ya kulala. Lakini hesabu hiyo husimama tu ikiwa fedha inabaki hapa. Boti inayoleta wafanyakazi wake kutoka mbali na kununua kila kitu mbali haina la kumjibu mvuvi huyo. Jodari, nguru na faulusi wanaoletwa nchi kavu, kwa desturi ni mali ya boti, nao wauzwe kwa wazi ili mama karanga wapate bei ya haki kama wanunuzi wengine. Na boti inayokata nyavu za mtu kwa kupita ovyo usiku irudi kwa BMU ya bandari hiyo izungumze, isisubiri kuitwa.

Mipaka nayo ijulikane. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake hakuna kuvua kabisa, si kwa mshipi, si kwa ndoana moja ya mtoto. Katika hifadhi inayozizunguka, uvuvi wa asili unaruhusiwa kwa masharti. Mwongozaji anayesema "hapa ni sawa, askari hawapo" ameshajieleza ni mtu wa namna gani.

La uhai ndilo zito zaidi. Ufuoni wapo vijana wanaompakia mgeni, na siku hizi hata wenyeji waliokuja sherehe za Krismasi, katika boti isiyo na cheti, injini moja iliyochoka na jaketi mbili kwa watu saba. Wengine wao ni waogeleaji hodari na wanaijua bahari vizuri, lakini ujuzi huo haumwelei abiria asiyejua kuogelea. Boti ya abiria lazima ikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na nahodha awe na cheti chake. Uvuvi wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, na anayevua kwa burudani anahitaji leseni. Waulize mapema kama imo ndani ya bei.

Kabla ya kupanda, abiria aombe kuonyeshwa jaketi lake, alivae, alifunge. Aulize redio iko wapi na kama inafanya kazi. Chaneli ya 16 ndiyo ya dharura, na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kiko Mombasa. Simu ya mkononi peke yake haitoshi, mtandao hupotea mapema sana ukishauvuka mwamba. Aulize pia ni nani nchi kavu anayejua saa ya boti kurudi. Nahodha anayekasirika kwa maswali hayo aachwe ufuoni na boti yake.

Kwa kijana anayetaka kuingia kazini, njia ya kawaida huanzia chini: kuosha boti, kukata chambo, kujifunza mafundo, kushika mshipi wa mwisho samaki anapofika ubavuni bila kujikata vidole. Atavaa glovu, na hatauzungusha mshipi mkononi kamwe, kwa maana samaki mkubwa akizama ghafla humvuta mtu pamoja naye. Baada ya misimu kadhaa ya hayo ndipo ataweza kwenda kutahiniwa cheti cha unahodha. Aanze kwa kufika ofisi ya BMU ya bandari yake, aulize ni boti zipi zenye vyeti zinazotafuta wasaidizi kabla Novemba haijaingia.