Miguu ya Bingwa, Miguu ya Babu



Mwaka 1966 vijana watano wa Dallas, Marekani, wenye umri wa miaka 20 hivi na afya njema kabisa, walikubali kulala kitandani majuma matatu mfululizo. Hawakuwa na homa wala jeraha. Waliowalaza walikuwa watafiti wa moyo, wakiwamo Bengt Saltin kutoka Sweden na Jere Mitchell, ambao walitaka kujua kitanda kinaufanya nini mwili wa kijana. Vijana hao walipoinuka, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kutoka lita 3.3 kwa dakika hadi lita 2.4, yaani zaidi ya robo ilikuwa imepotea. Kisha wakapewa mazoezi makali ya majuma manane, wakapanda hadi kupita pale walipoanzia.

Mwaka 1996 wanaume wale wale watano waliitwa tena. Sasa walikuwa na miaka 50, na vitambi pia: uzito wa wastani ulikuwa umepanda kutoka kilo 77 hadi kilo 100, na mafuta mwilini yalikuwa yameongezeka maradufu. Walipimwa tena kwa njia ile ile. Uwezo wao wa oksijeni ulikuwa lita 2.9. Miaka 30 ya umri, kazi, familia na chakula kingi ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko majuma matatu ya kitanda.

Jaribio likaendelea. Kwa miezi sita walitembea, wakakimbia taratibu na kuendesha baiskeli, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo hadi kufikia saa nne na nusu kwa juma. Uzito wao ulipungua kilo chache tu. Hata hivyo uwezo wao wa oksijeni ulirudi pale ulipokuwa mwaka 1966, kabla hawajalazwa.

Watu watano ni wachache, na hakuna mtakwimu makini atakayejenga sera juu yao peke yao. Lakini walilolionyesha limethibitishwa mara nyingi tangu hapo, nalo ndilo hoja ya mhadhara huu: sehemu kubwa ya udhaifu unaohesabiwa kuwa ni uzee hutokana na mwili kuachwa bila kazi, na sehemu hiyo hurudishika, hata kwa aliyevuka miaka 90.

Ngazi moja, watu wawili

Kipimo kilichotumika Dallas kina historia ndefu. Mfiziolojia wa Uingereza A. V. Hill, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, alianza kukieleza katika miaka hiyo hiyo kwa kuwapima wakimbiaji, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mtu huvaa kifuniko cha uso, hukimbia au huendesha baiskeli ya maabara, kasi huongezwa hadi anashindwa, na hewa anayoitoa hupimwa. Jibu huandikwa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika.

Wanariadha 16 wa kiwango cha juu duniani waliopimwa wakati wa maandalizi ya jaribio la kukimbia marathoni chini ya saa 2, lile la Monza mwaka 2017 ambapo Eliud Kipchoge alimaliza kwa 2:00:25, walikuwa na wastani wa mililita 71. Kijana wa kawaida asiyefanya mazoezi hufikia 40 hivi. Mzee anayetaka kuishi bila kutegemea mtu, apande ngazi, abebe ndoo na avuke barabara kabla gari halijafika, huhitaji takriban 18 akiwa mwanamume na 15 akiwa mwanamke. Chini ya hapo kila kazi ya nyumbani inakuwa marathoni.

Hivyo bingwa na babu wamo kwenye ngazi moja, kila mmoja kwenye daraja lake. Bingwa hutafuta asilimia moja ya ziada ili apate medali. Babu akipata mililita tatu au nne tu, huenda zikamtosha kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yake na kurudi.

Mfaransa Robert Marchand ni mfano unaopendwa na wanafiziolojia, na si bure. Alikuwa mwendesha baiskeli. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliweka rekodi ya saa moja kwa watu wa umri wake. Ndipo mtafiti Véronique Billat alipompangia mazoezi: sehemu kubwa iwe ya taratibu, na sehemu ndogo, kama moja ya tano, iwe ngumu. Kati ya umri wa miaka 101 na 103 uwezo wake wa oksijeni ulipanda kutoka mililita 31 hadi 35. Mwaka 2014 aliendesha kilomita 26.927 kwa saa moja, zaidi ya alizowahi kuzifikia mwaka 2012. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109.

Paja la mtu wa miaka 90

Pumzi si yote. Mtu hupungukiwa misuli kuanzia umri wa makamo, na ile inayopotea kwa kasi ni ya mapaja, ambayo ndiyo huinua mwili kutoka kitini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wazee wa zaidi ya miaka 60 ndio walio wengi.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika makao ya wazee mjini Boston. Waliwachukua watu kumi, mdogo wao akiwa na miaka 86 na mkubwa 96. Wengi walikuwa na maradhi zaidi ya moja, na baadhi walitembea kwa mkongojo. Mara tatu kwa juma walikaa kwenye mashine na kuinua uzito kwa kunyoosha goti. Uzito wenyewe haukuwa wa kuwadekeza: ulipandishwa hadi kufikia asilimia 80 ya ule ambao mtu angeweza kuuinua mara moja tu. Mmoja alijitoa, tisa wakamaliza.

Baada ya majuma manane nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya paja ilikuwa minene zaidi kwa asilimia 9. Wawili waliacha mikongojo. Lakini mazoezi yaliposimama kwa majuma manne tu, karibu theluthi ya nguvu ilitoweka. Mwaka 1994 timu hiyo ilirudia kwa wakazi 100 wa umri wa wastani wa miaka 87, na nguvu za waliofanya mazoezi zikapanda kwa zaidi ya maradufu.

Tofauti kati ya asilimia 174 za nguvu na 9 za unene inastahili kuangaliwa kwa karibu. Msuli ulikuwa umenenepa kidogo, lakini ulikuwa umejifunza mengi. Mishipa ya fahamu inayouamuru ilikuwa imeanza kuziamsha nyuzi zilizolala, na kuziamsha kwa pamoja. Kocha wa wanyanyua uzani anaijua hali hiyo: mwanafunzi mpya hupata nguvu kwanza, umbo huja baadaye.

Konda na dereva

Ushahidi wa zamani zaidi ulitoka kwenye mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha takwimu za wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000. Basi la ghorofa mbili lilikuwa na dereva aliyekaa karibu zamu nzima na konda aliyepanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Mshahara wao haukutofautiana sana, na moshi wa mji waliuvuta pamoja. Makonda waliugua moyo mara chache zaidi, na walipougua, ugonjwa uliwaua wachache.

Wakosoaji walisema huenda wanene huomba kuwa madereva tangu mwanzo. Morris alikwenda kuangalia vipimo vya sare walizopewa wakati wa kuajiriwa, akakuta kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni. Hakulificha hilo. Alilichapisha. Makundi mengine aliyoyachunguza, yakiwamo ya watumishi wa posta, yalitoa picha ile ile. Aliishi hadi miaka 99.

Kutoka Eyasi hadi Hai

Tanzania imechangia elimu hii kwa njia mbili zinazopingana kidogo. Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali wamefuatwa kwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo na mwendo. Hujishughulisha kwa nguvu kiasi au zaidi kwa dakika 135 hivi kila siku, na wazee wao hawaachwi nyuma. Shinikizo lao la damu kwa kawaida ni la chini. Ajabu ni kwamba hupumzika kwa muda wa karibu saa kumi kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wa mijini. Tofauti imo katika namna ya kupumzika: huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki kazini. Kwenye sofa misuli hiyo hulala kabisa.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima presha wazee 2,223 wenye miaka 70 na zaidi, watu wa vijijini. Karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu. Jembe na mlima havikuwakinga. Basi asije mtu akadhani kwamba kwa kuwa bibi analima, kipimo cha presha hakimhusu. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, wala kutembea hakuondoi haja ya kupunguza chumvi.

Mipaka

Kwa wanariadha pia kuna tahadhari. Nchini Sweden, zaidi ya watelezaji 52,000 wa mbio za Vasaloppet, zenye urefu wa kilomita 90 juu ya theluji, walifuatiliwa kwa miaka. Walioshiriki mara tano au zaidi walipata hitilafu za mapigo ya moyo mara nyingi zaidi kuliko walioshiriki mara moja. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walikuwa na upungufu wa sodiamu katika damu, hasa kwa kunywa maji kupita kiasi.

Wala matokeo kwa wazee hayapaswi kupakwa rangi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2014 liliwahusisha watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89. Katika kundi la mazoezi asilimia 30.1 walipoteza uwezo wa kutembea mita 400, na katika kundi la masomo ya afya ni asilimia 35.5. Pengo hilo si kubwa. Lakini ni wazee watano katika kila mia ambao waliendelea kutembea.

Kiti na saa

Pendekezo la mhadhara huu ni la gharama ndogo. Kila mzee anayefika kliniki ya presha au kisukari aombwe kuinuka kitini na kukaa tena mara tano, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, huku muuguzi akitazama saa. Akipita sekunde 15, misuli yake ni dhaifu. Atembee pia mita nne: mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo ni dalili ya hatari. Matokeo yaandikwe kwenye kadi, kando ya presha.

Aliyeshindwa apewe zoezi kama anavyopewa kidonge, kwa kiasi na ratiba. Aanze kwa kiti kilichoegemezwa ukutani, ainuke mara nane, apumzike, arudie, siku tatu kwa juma. Akizoea, abebe mfuko wa mchele wa kilo mbili kifuani, baadaye wa kilo nne, maana bila kuongeza mzigo nguvu husimama. Asimame kwa mguu mmoja akishika meza. Mlo wake uwe na maharage, dagaa, mayai au maziwa kila siku, kwa sababu chai na mkate havijengi msuli. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aonwe na daktari kwanza. Vyuo vinavyofundisha fiziotherapia na ualimu wa michezo vina wanafunzi wanaotafuta pa kufanyia mazoezi ya vitendo. Wapelekwe kliniki hizo, na kadi zilizojazwa zitumike kulinganisha mzee na yeye mwenyewe kila baada ya miezi mitatu.