Miwani ya Betri au ya Waya?

Tutue kwenye miwani ya uhalisia pepe. Tuseme chuo cha ufundi pale Wote, Makueni, kinataka wanafunzi wajifunze kuchomelea vyuma bila kumaliza rodi hata moja. Kinunue ipi? Ya kujitegemea, mfano Meta Quest 3 ya mwaka 2023, unavaa tu, ila betri haifiki saa 3. Kwa upande wa pili, ya waya ina picha safi zaidi, lakini inadai kompyuta yenye kadi kubwa ya picha. Na stima ikipotea chuoni, kompyuta hiyo ni sanduku tu. Mimi ningeanza na ya betri. Quest hiyohiyo inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta baadaye. Lakini darasa la watu 40, miwani moja, watapokezanaje?