Umbali Huua Majeruhi

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kilifunga kituo chake cha kutibu watu wazima waliojeruhiwa vibaya. Sababu iliyotajwa ni gharama. Miaka michache baadaye upande wote wa kusini wa jiji, wakaako Wamarekani weusi wengi, haukuwa na kituo cha namna hiyo hata kimoja. Na huko ndiko risasi zinakolia sana.

Agosti 2010 kijana Damian Turner, wa miaka 18, alipigwa risasi karibu na hospitali ya chuo hicho. Hospitali ilipokea majeruhi watoto tu. Akapelekwa zaidi ya kilomita 10, akafariki.

Hakuna awezaye kuapa kwamba angepona. Lakini avujaye damu ndani ya mwili hasaidiwi na bandeji: ahitaji mpasuaji, na upesi. Utafiti wa Marie Crandall na wenzake, uliotolewa 2013, ulionyesha kwamba waliojeruhiwa kwa risasi zaidi ya maili 5 kutoka kituoni walikufa kwa wingi zaidi.

Vijana wenzake Turner waliandamana kwa miaka; baadhi ya waandamanaji walikamatwa. Gharama, iliyosemekana haibebeki, hatimaye ikabebeka: kituo kipya kilifunguliwa Mei 2018, miaka 30 baada ya kile cha kwanza kufungwa.