Bahasha za Jumapili

Makomredi, Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto zirudishwe. Tulishangilia sana. Lakini waheshimiwa wa upande wetu nao hubeba bahasha Jumapili, tusidanganyane. Kanisani kuna kipaza sauti, na kura zimeketi hapo mbele. Sasa makao ya watoto yenye deni la unga dukani, na stima imekatwa, huko nani atakupigia makofi? Sadaka ya muumini mimi siigusi, hiyo ni yake na Mungu wake. Nazungumzia mchango wetu wa tawi: mwezi huu uende kwa watoto, bila kamera, risiti ibandikwe ofisini. Mweka hazina, niandike wa kwanza, shilingi 500. Halafu mpigie mheshimiwa.