Kabla ya Kupokea Saa ya Thamani



Saa ya mkononi yenye jina kubwa huweza kuuzwa kwa bei ya kiwanja, au kuwekwa rehani kwa mkopo. Ikibainika kuwa ni bandia, mnunuzi hupoteza akiba yake, na muuzaji huwa amekwisha kutoweka.

Mfano ni Rolex. Saa zake za leo hazitumii betri; katika nyingi, mtambo hupiga mara 8 kwa sekunde, hivyo mshale wa sekunde huteleza badala ya kuruka. Kioo kidogo kilicho juu ya tarehe huikuza takriban mara 2.5. Lakini dalili hizo si hukumu: bandia iliyotengenezwa vizuri nayo huteleza, na nambari na kadi huigwa. Uthibitisho wa kuaminika hupatikana fundi mjuzi anapofungua mfuniko wa nyuma na kuutazama mtambo wenyewe.

Basi, mtu asitoe fedha kabla ya ukaguzi huo, na muuzaji adaiwe stakabadhi yenye nambari ya saa. Mwenye shaka aitaarifu Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Heri kuchelewa kununua kuliko kuwahi kujuta.