NDIVA ISIFUNGULIWE USIKU
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Nimeombwa niseme habari ya maji. Maji yana njia zake mbili. Ipo njia yanayojichimbia yenyewe, ndiyo mto, kijito na korongo. Ipo na njia tunayoyachimbia sisi, ndiyo mfereji. Mto hauulizi mtu, unashuka penye mteremko. Mfereji tunaupitisha ubavuni mwa mlima ushuke pole pole. Ukiuteremsha mno, maji yanakula udongo, na masika mbili tatu zikipita huna mfereji tena, una korongo. Ukiulaza mno, mchanga unakaa chini na maji yanapasua ukingo. Wazee wetu wa hapa Upare waliyajua haya bila darubini ya mpimaji, na jirani zetu wa Kilimanjaro wenye mifongo yao vile vile.

Sasa hii ndiva. Vijana wengine wanadhani ni bwawa la kuwekea akiba tu. Sivyo. Chukua debe la maji, ulimwage kikombe kikombe kwenye mfereji mkavu. Yatafika wapi? Udongo utayanywa yote hapo hapo. Ukilimwaga debe zima kwa mara moja, yanakwenda mbali. Kijito chetu wakati wa kiangazi ni kile kikombe. Ndiyo sababu tunaziba ndiva jioni, ijae usiku kucha, asubuhi tuondoe kizibo maji yashuke kwa nguvu mpaka mashamba ya tambarare.

Mtu atasema, “Mimi nafungua kidogo tu usiku, nimepunguza nini?” Jamani, umepunguza nguvu! Kwako yanafika kwa sababu uko karibu. Wenzako wa chini wanaamka saa kumi na moja na majembe begani, wanakuta mfereji umelowa tu. Mahindi yao sasa yanatoa mbelewele. Yakikosa maji wiki hizi, magunzi yatakuwa matupu, hata mvua ikija baadaye. Na maji hayo ya wizi, gizani nani anayaangalia? Yamekwisha pasua ukingo pale njia panda, na korongo limeanza.

Jambo jingine ni magimbi na migomba kule kwenye chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Waliolima huko wanajulikana, sina haja ya kuwataja.

Zamu za kila mtu zimebandikwa chini ya karatasi hii. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, siyo aibu. Nami nilijulia kusoma kwenye darasa la watu wazima.

Msaragambo ni Jumamosi, saa moja asubuhi, tukianzia kwenye banio. Njooni na majembe, sururu na makarai. Mchanga utakaozolewa utupwe upande wa bondeni. Mkiutupa upande wa mlimani, mvua itaurudisha mferejini.